Maji ya Krishna Mchanga

Kila asubuhi mama mkwe wa Taramati alikaa uani, nyuma ya duka, akisugua kwa ukwaju na majivu vyombo vya shaba vya kumwogeshea Krishna mchanga, sanamu ya mungu wao akiwa mtoto, ndogo kama kidole gumba. Alivisuuza, akavigeuza juani, akaona doa ambalo hakuna mwingine aliyeliona, akaanza upya. Vyombo hakuruhusu mtu aviguse. Kazi ya Taramati ilikuwa kupasha maji, na hayakuwahi kuwa sawa. "Ya baridi hayo," mama mkwe alisema kwa sauti yake ya puani, bila kugeuka. Yakirudishwa jikoni: "Sasa yamezidi."

Siku hiyo meli ya Bukoba ilishapiga honi, wateja walikuwa wakigonga mlango wa duka, na mtoto wa Taramati, mwenye mafua, alikuwa akilia hajaogeshwa, kwa sababu mkaa wote ulikuwa ukiungua kwa ajili ya sanamu. Taramati akatoka na sufuria kwa mara nyingine, maneno yamemjaa kinywani. Akamkuta mama mkwe amezamisha kiwiko ndani ya bakuli la shaba, amefumba macho, anapima joto la maji. Kisha akamimina polepole, kiganja kimekinga uso wa Krishna, maji yasimwingie machoni. Akamfuta, akamfunika kitambaa.

Ndipo akavuta beseni la bati la mjukuu wake, akamimina humo maji ya ile sufuria, akatia kiwiko tena.

"Ya baridi hayo," akasema. "Kapashe mengine, halafu uniletee na huyo mdogo wake Krishna."