Nilivyosimama mlangoni kutetea foleni ya wagonjwa

Wakuu, marahaba kabla hamjaniamkia. Mimi ni bibi, nimeishia darasa la nne, anayetafuta makosa ya uandishi ahangaike nayo mwenyewe. Ninachosimulia nilikifanya mimi.

Miaka ya ujamaa nilikuwa mhudumu hospitalini, hapa hapa Mtwara. Mapokezi, pale mnapopaita emajensi. Kazi yangu kufagia na kupanga watu kwenye benchi.

Na walipangika! Zama zile wote ni ndugu. Ukifika wa kwanza, wa kwanza. Hata bwana afisa alikaa nyuma ya mkulima. Nilijivunia hilo kuliko mshahara.

Asubuhi moja akaja mama kutoka Mpapura, mtoto mgongoni. Katembea usiku kucha. Nikamwonyesha mwisho wa benchi.

"Anaharisha tangu juzi, dada. Leo ametulia."

"Umejaliwa mtoto mwenye adabu," nikamwambia.

Adabu! Mpaka leo nalijutia neno hilo.

Mbele kabisa alikaa balozi wetu wa nyumba kumi, mkubwa wa mtaa, kajikata kidole na panga, anapiga kelele utadhani mkono mzima umebaki shambani.

Sista Agripina, muuguzi mgeni kutoka bara, akatoka kuita anayefuata. Hakumtazama balozi. Alipita benchi zima akigusa miguu ya watoto. Kufika kwa yule wa mwisho, akafungua mbeleko, akamnyakua, mbio.

Balozi akainuka. "Ndugu Sista, huu ni upendeleo! Usawa uko wapi?"

Na mimi, wakuu, nikasimama mlangoni, nikatanua mikono. "Zamu yake bado."

"Somoe," Sista akaniita, "hapa si foleni ya sukari. Gusa mguu huu, baridi kama samaki, kaishiwa maji. Toka!"

Sikutoka. Akanipiga kikumbo, nikaangukia ndoo.

Ndani walihangaika na mshipa wa mtoto mpaka wakaupata, wakatundika dripu. Adhuhuri mtoto akalia. Mama yake akacheka huku machozi yanamtoka.

Mimi sikucheka. Sikulala vizuri wiki ile, wala nyingi zilizofuata. Wangapi walikaa kimya mwisho wa benchi kabla ya siku hiyo, nami nikawapita na ufagio?

Nilichojifunza: anayepiga kelele bado ana nguvu. Mtazame kwanza asiyelia.

Manesi wa leo, nasikia mnapanga wagonjwa kwa rangi, nyekundu ya mahututi mbele. Semeni kweli hapa chini: mnazifuata, au balozi akipaza sauti mnampisha?

Na mliofiwa mkiwa kwenye benchi, nisemeni, nastahili. Nitasoma yote.