Hodi ya Tatu

Mume wangu aliniambia tunahamia shambani tukiwa kwenye foleni ya kulipia vitu dukani Burnsville, pembeni mwa Minneapolis, mimi nimekumbatia mfuko wa mchele. Alisema kwa sauti ya mtu anayekumbusha kwamba tumesahau sukari. Nilidhani ananitania. Alikuwa na kazi ya kompyuta katika ofisi moja Saint Louis Park, kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka, na jembe mara ya mwisho alilishika shule ya msingi, tena kwa adhabu. Sasa alikuwa amesoma habari za watu fulani huko kaskazini, mwendo wa saa nne na ushei kwa gari, familia kadhaa zinazolima pamoja bila mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu. Watoto wanakua pamoja, wazee wanaheshimiwa. Alikuwa ameshaongea nao kwa simu, na walikuwa wanatungoja.

"Bila mbolea, bila dawa," nikamwambia. "Mbona ndivyo bibi yangu alivyolima Muheza, na hakuna aliyemtangaza?"

Nilimtegemea mama yangu aliue jambo hilo. Alikuwa amekuja kukaa nasi baada ya baba kufariki, na mama ni mtu wa kusema hapana kwanza halafu ndipo aulize ni kitu gani. Safari hii aliuliza kama kuna kuku. Kumbe kushinda dirishani ghorofani akitazama magari kulikuwa kumemchosha kuliko nilivyojua, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hatukujua hata jina la mtu wa mlango wa pili. Aliposikia kuna kuku, mbuzi na majirani wanaopikiana, akaanza kukunja kanga zake.

Tukaenda. Majira ya joto yalinidanganya kabisa: karoti zinang'olewa zikiwa na udongo, binti yetu anarudi jioni na magoti machafu, mama anabishana na kuku kwa Kiswahili. Nikaanza hata kumsifia mume wangu mbele za watu. Halafu ikaja baridi. Mimi baridi ya mjini nilishaizoea, ile ya kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Ya kule siku ya kwanza kali nilivuta pumzi, pua ikaganda kwa ndani, nikarudi mbio nikidhani nimepatwa na ugonjwa. Nyumba zilikuwa mbalimbali, katikati uwanda mtupu, na kuta zake nene kiasi kwamba ukiwa ndani hata upepo unausikia kwa mbali.

Lakini kilichomshtua mama ni milango. Hakuna aliyeifunga kwa ufunguo, na hakuna aliyebisha. Watu wanajiingilia tu, wanavua mabuti pale mlangoni, ghafla wako jikoni kwako. Jirani yetu, mwanamke mrefu, mpole, mfugaji wa mbuzi wa maziwa, mara ya kwanza alitokea hivyo akiwa na bakuli la jibini, akamkuta mama kajifunga kanga kifuani na kichwa wazi. Mama akapiga ukelele wa mwizi. Jirani naye akapiga wake. Baadaye walicheka wote wawili, ingawa jibini lenyewe mama alisema linanuka beberu na akanipa mimi nile.

Binti yetu wa miaka tisa ndiye aliyeshika desturi haraka. Siku moja bibi yake alimwona akifungua mlango wa jirani na kupotelea ndani kama kwao. Aliporudi alisomewa.

"Unaingia nyumba ya watu bila hodi, wewe mbuzi?"

"Bibi, nobody knocks here," mtoto akajibu, maana Kiswahili anakisikia chote lakini kumtoka ni kwa nadra.

Nilimtafsiria mama kwamba hapa hakuna anayebisha. Akasema basi wao ndio wanaohitaji kufundishwa. Kwake hodi si kelele ya kufunguliwa mlango. Unaita kwa sauti ya chini, yenye heshima, unangoja. Unaita ya pili, unangoja. Ya tatu ikipita bila jibu, unageuka na kwenda zako bila kinyongo. Mwenye nyumba hayupo, au yupo na hataki mgeni, na vyote viwili ni haki yake. Alitufundisha hivyo tukiwa wadogo, na fimbo ilihusika.

Ilikuwa asubuhi ya Januari. Jirani alikuwa ametuletea supu ya maboga jana yake, na kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, kwa hiyo mama alikaanga kaimati, akalijaza, akafunika kwa kitambaa. Mimi nilikuwa bandani navunja barafu kwenye maji ya kuku. Nilimwona akipita na koti lake kubwa, tukapungiana mikono. Glavu, zile alizoziita soksi za mikono, alikuwa amezitia mfukoni. Kumkabidhi mtu chakula ukiwa umevaa soksi mikononi, aliniambia baadaye, ni dharau.

Niliporudi ndani sufuria ya mafuta ilikuwa bado ya moto. Nikajua wako huko wanakunywa chai na kuelewana kwa ishara. Nikakaa. Nje upepo ulianza kunyanyua theluji, dirisha likawa jeupe, hata ghala halionekani, nami nikafurahi moyoni kwamba mama yuko ndani kwa watu.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia jirani, peke yake, akavua mabuti, akauliza kwa upole kama mama amebadili mawazo.

Sikumwelewa. Nikamuuliza mawazo gani.

"Nilimsikia nje," akasema. "Niliweka maji ya chai. Nikangoja aingie."

Mpaka leo sijui nilitokaje mle ndani. Nakumbuka nimevaa buti moja na ndala moja. Tuliita mpaka koo zikakauka, na upepo ukatunyang'anya sauti. Mume wangu ndiye aliyempata, nyuma ya marobota ya nyasi, hatua chache tu kutoka kwenye mlango wetu wenyewe. Alikuwa ameupita bila kuuona. Alikuwa amekaa, bakuli mapajani, vidole vimelishika, vyeupe kama mshumaa. Tulipojaribu kuvibandua akasema kaimati zimemwagika kidogo, tumsamehe.

Gari la wagonjwa liliposimama uani, jirani alikuwa bado amesimama pale, mikono mdomoni. Nilimwambia maneno kwa Kiswahili cha Tanga ambayo siwezi kuyaandika. Hakuhitaji mkalimani. Mtu unamsikia ajuza nje kwenye baridi ile, unaweka chai?

Upepo ulipotulia helikopta ilimleta mama hospitali kubwa Minneapolis, nasi tukafuata kwa gari, mtoto tumemwacha kwa familia nyingine. Daktari alikuwa kijana, mpole pia. Siku hizo upole wa watu ulinichefua. Alieleza kwamba wameshampa dawa ya kurudisha damu, na kwamba vidole viwili vya mkono wa kulia huenda vikaondoka. Nikauliza tutajua lini. Akasema tungoje, wiki kadhaa, mwili wenyewe utaonyesha unaacha nini na unabaki na nini. Nilimtazama nikidhani sijamsikia vizuri. Mkono ule ndio uliotulisha, ndio uliotuchapa, ndio unaojua chumvi bila kuonja, na sasa tunaukalia tuone utaoza mpaka wapi.

Nikamwambia mume wangu mimi sirudi kule. Hakubisha. Alirudi kumwangalia mtoto na wanyama, nikabaki.

Nesi wetu wa mchana alikuwa mama wa Kikenya anayekaa Crystal, na alipomwamkia mama kwa Kiswahili, mama alilia kwa mara ya kwanza. Baadaye jioni ile mama alinieleza.

"Nilipiga hodi mara tatu," akasema. "Ningefanya nini, nivunje mlango wa watu?"

Nikamwambia jirani alikuwemo. Nilitaka aghadhibike, tughadhibike wawili. Nikamwambia alimsikia, akaweka maji ya chai, akangoja. Mama alizitazama bandeji zake muda mrefu.

"Alinisikia?"

"Alikusikia."

"Basi alikuwa ananikaribisha," akasema, na uso wake ukalegea kama mtu aliyepata habari njema. Kumbe alikuwa amelala siku zote zile akiamini ameonyeshwa mlango, na hilo lilimuuma kuliko vidole. Nilikasirika zaidi. Nikamwambia kumkaribisha mtu ni kufungua mdomo.

Mchana wa siku ya pili yake alipewa dawa ya maumivu akalala. Nami nilikuwa kwenye kiti, koti magotini, si macho si usingizi. Nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Karibu. Pita ndani." Macho yalikuwa yamefumba. Nikadhani ni dawa, kwa sababu kabla ya hapo ilimfanya azungumze na marehemu baba habari za machungwa. Nikamvutia blanketi, nikaegemea tena.

Haukupita muda nesi akaingia amebeba bakuli.

"Kuna mama mzungu amekuja," akasema. "Ame-knock, akangoja, aka-knock tena. Hakuna mtu amemjibu. Akasema pengine mmelala, hataki ku-disturb. Ame-drive kutoka huko kwenu hadi hapa, na ameenda."

Nililijua bakuli lile kabla sijalipokea, lina ufa mdogo ukingoni. Ni bakuli lake mwenyewe, lile tulilolibandua vidoleni mwa mama. Nikafunua kitambaa. Ndani kulikuwa na jibini, lile la kunuka beberu, limezungushiwa kitambaa kingine kisafi. Hakulirudisha tupu.

Mama alikuwa amefumbua macho. Akauliza nani. Nikamwambia.

"Ameondoka?" Akajaribu kujiinua kwa viwiko. "Mbona nilimwambia apite?"

Nilikuwa hapo, kwenye kiti, mimi ninayejua lugha zote mbili, na sauti ile ilinipita. Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka nilipo.

"Mpigie," mama akasema.

Mwanamke yule nilikuwa nimemwekea maneno mengi, nimeyapanga usiku na mchana, kwa Kiingereza safari hii, asikose hata moja. Alipokea akiwa barabarani, nikasikia ngurumo ya malori. Sikuyaona tena maneno yangu. Nilimwambia mama alimjibu. Alijibu kwa sauti ndogo, nami sikuelewa. Anasema uingie, usibishe tena, uingie tu.

Nilidhani simu imekatika. Halafu nikasikia indiketa ya gari lake ikianza kulia, tak, tak, tak.