Estelle na Pampu ya Midia

Estelle alipomaliza chuo cha ufundi, mama yake, Marcelline, alikuwa tayari amemtengea upande mmoja wa kibanda chake cha vitenge katika soko la Arua, Uganda. Marcelline alikuwa mfanyabiashara kutoka Kongo, mtu wa maneno mengi na miguu isiyochoka, na hakuona kwa nini binti aliyejaliwa sauti nzuri ya kuita wateja aende kuipoteza kati ya mabomba.

"Mutoto yangu," alisema, "kitenge mutu anavaa kila siku. Pampu anavaa nani?"

Estelle alicheka tu. Jumatatu iliyofuata akatoka nyumbani kwao Ediofe mapema, akaenda kuanza uanagenzi katika karakana ya Ondoga.

Ondoga alikuwa injinia wa pampu za maji, mrefu, mtaratibu, mwenye tabia moja iliyowatia wanagenzi wake wazimu: ukimwuliza swali, anakurudishia lingine.

"Mzee, hii nati tunakaza mpaka wapi?"

"Wewe unaona mpaka wapi?"

Ukikosea, hakugombezi. Anasimama kando akitafuna karanga zake mpaka ugundue mwenyewe. Lemi, mwanagenzi mwenzake Estelle, kijana aliyeletwa Uganda kutoka Sudan Kusini akiwa bado mdogo, alisema ni afadhali fundi anayetukana, kwa sababu tusi likisemwa limekwisha, lakini karanga za Ondoga hazikuwa na mwisho.

Miezi ya kwanza Estelle alisugua kutu, akakata mabomba, akaunguza vidole. Akajifunza kufunga maungio ya waya yasiingize maji hata yakikaa kisimani miaka. Jioni alirudi akinuka grisi, na Marcelline alimnyima kiti mpaka aoge. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuweza kumweleza mama yake: ile dakika ambapo mota iliyoletwa imekufa inashtuka mezani na kuanza kuvuma. Kila ilipovuma, moyo wake ulivuma pamoja nayo.

Kiangazi kilipokolea, Ondoga alipata kazi ya kuweka pampu ya sola Midia, huko Koboko, kwa kikundi cha wanawake waliochoka kubeba maji kutoka bondeni. Estelle alifanya kosa la kutaja safari hiyo mbele ya mama yake. Asubuhi ya kuondoka, pikapu ilipokuja kumchukua, Marcelline alikuwa amesimama mlangoni na robota la vitenge.

"Koboko iko soko," alimwambia Ondoga, "na nyinyi muko na gari." Akapanda mbele, akafunga mlango. Ondoga akawasha gari.

Walipofika mjini Koboko, Marcelline aliuliza huko Midia kuna wanawake wangapi wanaosubiri maji. Alipoambiwa ni kijiji kizima, akasema soko la Koboko ataliona wakati wa kurudi.

Midia walipokelewa na Kulusum, mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake. Kisima kilikuwa kimechimbwa tayari, paneli zimefungwa juu ya nguzo na kuzungushiwa ua, na tangi limekaa kwenye mnara wake. Ondoga alipotazama bomba la tangi aliona kiungo kimoja si cha saizi yake, ikabidi arudi mjini kutafuta kingine.

"Teremsheni pampu, unganisheni kwenye kontrola, jaribuni kwa mpira wa maji," aliwaambia wanagenzi wake. Akaondoka.

Wakaanza kazi. Kutoka kwenye mota ya pampu zilitoka waya tatu, zote nyeusi, na Estelle alijua kwamba kila moja inatiwa alama kabla pampu haijaingia kisimani. Alijua vizuri kabisa. Lakini wakati huohuo, hatua chache tu kutoka pale, Marcelline alikuwa amefungua robota lake, na kila kitenge alichokikunjua alikikunjua pamoja na sifa za binti yake.

"Huyu yangu huyu! Injinia! Hata kama maji iko kule chini kabisa, iko kumusikia!"

Estelle aliona aibu mpaka masikioni. Aliinamisha kichwa, akafanya haraka ili yaishe, na pampu ikazama bila alama hata moja. Juu kwenye kontrola, kisanduku kinachopeleka umeme wa paneli kwenye pampu, alibaki na waya tatu zilizofanana kama mapacha. Akaziunganisha alivyoona sawa.

Lemi akawasha. Chini kabisa mota ikavuma, na wanawake wakapiga vigelegele. Mpira ukakohoa, ukatoa uzi wa maji mwembamba kama mkojo wa mbuzi. Wakasubiri. Uzi ukabaki uzi.

"Jua bado haijapanda," Lemi alisema, ingawa jua lilikuwa utosini.

Mwanamke mmoja akasema kisima kimekauka. Mwingine akasema pampu ni ya zamani, imepakwa rangi. Kulusum hakucheka tena. Alishika kitenge alichonunua muda si mrefu, akamgeukia Marcelline. "Mama, maji ikikataa, hii pia tutarudisha."

Estelle alijitenga kando akampigia Ondoga simu. "Mzee, maji iko kutoka kidogo sana."

"Mota iko kuzunguka?"

"Iko kuzunguka."

"Inazunguka kwenda wapi?"

"Mzee, iko chini ya kisima! Nitaonaje?"

"Ndiyo," Ondoga akasema, na Estelle akasikia karanga ikivunjwa. "Utaonaje?" Simu ikakatika.

Alitaka kuitupa kwenye muhogo wa watu. Kisha swali la Ondoga likamrudia. Kwenda wapi. Pampu ikizunguka kinyume bado itavuma, bado itasukuma, ila itasukuma kidogo tu. Na ukibadilisha waya mbili kati ya zile tatu, mota inageuza mwendo. Akaziona tena akilini, zikiwa mikononi mwake, nyeusi, bila alama, na sauti ya mama yake ikimpigia debe.

Angeweza kwenda kwenye kontrola kimyakimya, akasingizia jua. Badala yake alimwendea Kulusum.

"Mama, kisima iko mzima, na pampu iko mzima. Mimi ndiye nimefunga waya vibaya. Nipe dakika kidogo nitengeneze."

Kulusum alimtazama. "Tengeneza, mtoto yangu. Tumesubiri miaka."

Estelle akazima umeme, akasubiri kontrola ipoe, akafungua waya mbili, akazipishanisha, akakaza. Alipowasha, mvumo ulikuwa uleule, ila Lemi aliyeshika mpira akapiga ukelele. Mpira ukamchomoka, ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Maji yakampiga Lemi kifuani, yakamlowesha Kulusum, yakavuka hapo na kumwagika moja kwa moja juu ya robota la vitenge.

"Estelle! Umeniua!" Marcelline alipiga kelele.

Lakini hakuna aliyemsikia, kwa jinsi watu walivyokuwa wakicheza kwenye matope. Marcelline alinyanyua kitenge cha kwanza, akakikamua, akatazama maji yaliyotoka. Yalikuwa meupe. Akakamua cha pili. Uso wake ukabadilika. Akavianika vyote juu ya ua wa paneli, akafungua sauti: "Muje muone! Rangi haitoki! Imejaribiwa na injinia mwenyewe!"

Ondoga aliporudi na kiungo chake, alikuta kijiji kimelowa na ua umevishwa vitenge. "Nini imetokea hapa?" aliuliza.

"Mzee," Estelle akajibu, "wewe unaona nini imetokea?"

Ondoga akacheka mpaka karanga zikamwagika.

Wakati wa kurudi Marcelline alikaa nyuma ya pikapu juu ya mabomba, pamoja na binti yake, na njia nzima alitaka aelezwe habari ya waya mbili. Alielezwa, akaielewa, akaisimulia sokoni wiki nzima, na kila mara maji yaliruka juu zaidi.

Sasa Estelle yuko mwaka wa pili. Ondoga huwatuma yeye na Lemi peke yao hadi vijiji vya Ayivu, na hakuna waya anayoishika bila kuitia alama kwanza. Marcelline naye amepata wateja Midia, huenda huko kila mwezi na robota jipya, na akirudi, kabla hata hajavua viatu, hutoa taarifa: pampu iko kuvuma vizuri, tangi iko kujaa, na Kulusum ametuma maharagwe.