Gari Lililojaribiwa Mpaka Kiswere

Ukishuka kwenye basi pale njia panda ya Nangurukuru, mtu wa kwanza kukuuliza kama una gari bovu ni Hussen. Usimwite fundi. Mafundi, kwa maelezo yake, ni wale wanaolala chini ya malori na kutoka na grisi mpaka kwenye nyusi. Yeye anashughulika na umeme wa magari, ana mashine ya kusomea kompyuta za injini, anavaa shati jeupe kazini, na jina analolitaka ni Dokta. Amejipa mwenyewe. Ukisahau kulitumia, utasubiri mpaka alasiri.

Mashine yenyewe haina kosa, tusiionee. Unaichomeka chini ya usukani, inaongea na kompyuta ya injini, kisha inaandika kwenye kioo chake yote ambayo kompyuta inayalalamikia. Sasa kulalamika ni kitu kimoja na kuumwa ni kitu kingine, hilo hata mama mwenye mtoto mchanga analijua. Hussen halijui, au hataki kulijua. Mashine ikitaja sensa, kile kidude cha kuipimia injini, anabadili sensa. Ikitaja pampu ya dizeli, anamshika mwenye gari begani kama anayempa pole ya msiba, halafu anaitaja pampu kwa sauti ya chini.

Ana tabia nyingine pia, nayo ndiyo kisa chetu. Kila anayetengeneza gari hulijaribu barabarani, hilo halina ubishi. Wenzake huzunguka mpaka kituo cha mafuta wakarudi. Hussen hujaribu mpaka Kiswere. Kiswere, jamani, huko mbali kwenye njia ya Lindi, kwa gari la mtu na mafuta ya mtu. Sababu anayoitoa ni kwamba injini ya dizeli haisemi ukweli mpaka ipate moto sawasawa. Sababu asiyoitoa ni mkewe Hafsa, anayekaanga pweza ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji. Pweza wa Kiswere ni wanono, na nauli ya basi inauma. Basi gari gonjwa linarudi na kiroba cha pweza wabichi miguuni pa kiti cha abiria, mahali ambapo mpita njia hawezi kuwaona, wakichuruzika maji ya bahari mwendo mzima.

Mama Stefania alikuja na taa. Taa moja tu ya mbele, iliyogoma kuwaka. Ni Mmakonde wa kule juu uwandani, mjane, anayezunguka minada ya wilaya nzima na vitenge vyake, na gari lake la dizeli ndilo duka lake. Hussen alibadili balbu, kazi ya kumaliza kikombe cha kahawa. Kisha akasema balbu nayo inataka kujaribiwa. Akaenda Kiswere.

Wiki ile ile gari likamzimikia mama wa watu kwenye njia ya Likawage, porini, na mzigo wote ndani. Likavutwa mpaka Nangurukuru. Mashine ikachomekwa, ikatoa malalamiko chungu nzima: sensa ya mzunguko wa injini, sensa ya presha ya mafuta, kanyagio, pampu. Hussen akafurahi, tena akafurahi waziwazi. Akaanza na sensa, akabadili, gari likawaka, akalijaribu. Mnajua wapi. Likarudi linanguruma vizuri, limepuliziwa manukato ya limau, na Stefania alipouliza harufu nyingine ile iliyoko chini ya limau ni ya nini, akaambiwa dizeli ya siku hizi ina salfa nyingi.

Likazima tena. Akabadili kanyagio, akalijaribu. Likazima. Akatangaza kwamba kompyuta yenyewe imekufa, akaagiza nyingine Dar, iliyotumika, akaifunga, akalijaribu safari mbili kwa sababu kompyuta ni kitu nyeti. Kila akilitibu analijaribu, na kila akilijaribu analiua, lakini yeye hana hili wala lile. Mjane wa watu akawa anakwenda mnadani kwa bodaboda, vitenge vimefungwa kitita mgongoni, na akipita gerejini anamsalimia kwa adabu.

Hapo akaingia Mzee Shamte, mwenye mashamba ya chumvi na malori ya kuibebea. Mafundi wote wa njia panda ile wameyatolea macho malori yale. Mzee alikaa barazani siku ya Ijumaa baada ya swala, akasema mbele ya watu kwamba amechoka kupeleka magari yake Lindi mjini. Amesikia hapa kuna Dokta. Basi Dokta na alitibu gari la Stefania lipone kabisa, naye mwenyewe atakuja Jumatatu kulitazama. Likiwa zima, malori yote ni ya Hussen. Likiwa bovu, asimwone tena akimpungia mkono barabarani.

Hussen hakulala vizuri siku zile, na hapo nitamwonea huruma kidogo, kidogo tu. Aliyataka malori yale kwa moyo wote. Aliyataka kwa ajili ya Hafsa, aliyaona kwenye sinia akila wali. Zaidi ya yote alitaka wale wenye grisi kwenye nyusi, waliokuwa wanacheka kila gari la Stefania lilipovutwa, wanyamaze mara moja na daima. Jumapili gari likawaka. Akalipeleka Kiswere, kuhakikisha.

Jumatatu asubuhi, Mzee Shamte ameshafika, kiti ameshawekewa, watu wamejaa, Stefania amesimama pembeni na kanga yake, Hussen akazungusha ufunguo. Gari likajibu kwa mkoromo mfupi, likanyamaza. Akazungusha tena. Kimya. Akaleta mashine, ikaandika malalamiko yale yale, pamoja na ya vifaa alivyovifunga yeye mwenyewe juzi, vipya kabisa. Nyuma yake mtu mmoja akacheka puani.

Sasa, niseme haki ya Mungu, ni pale tu, alipobanwa ukutani, ndipo Hussen alipofanya kazi. Aliitupa mashine kwenye kiti. Akachukua kitaa cha majaribio, kile cha balbu ndogo na nyaya mbili, akakigusisha pale umeme unapoingilia kwenye kompyuta. Kikawaka kwa unyonge. Akavuta waya mwingine moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka kwenye kompyuta, akawasha, injini ikanguruma. Watu wakaguna. Basi kompyuta haikuwa imekufa, wala sensa, wala chochote alichokibadili. Kompyuta ilikuwa na njaa tu. Umeme ulikuwa unapotea njiani, na Hussen akaufuata waya kwa vidole, ukapita ukutani mwa injini, ukaingia ndani, ukashuka miguuni pa abiria. Akapiga magoti na shati lake jeupe, akang'oa zulia.

Chini yake, kiungio cha nyaya kilikuwa kimeoza, shaba imegeuka kijani. Hussen akapiga kelele ya furaha. Angenyamaza hapo, angekata, angeunga, angechukua malori yake akaenda zake. Hakunyamaza. Alikuwa amepata ugonjwa kwa akili yake mwenyewe mbele ya Mzee Shamte, na utamu wake ulimpanda kichwani. Akageuka kuwahutubia.

"Haya si maji ya mvua," alisema, akiinua kidole chenye unga mweupe. "Mvua haiachi unga. Hii ni chumvi ya bahari. Na si samaki aliyebebwa hapa, samaki angeacha magamba. Huu ni utelezi uliokauka. Ni pweza. Tena si mara moja. Tazameni, chini kuna kutu ya zamani, juu yake kuna majimaji ya jana. Kuna mtu amekuwa akiweka pweza wabichi hapa mara kwa mara, na mtu huyo ndiye aliyeliua gari."

Alimgeukia Stefania, kidole bado kiko juu.

"Mimi pweza sili, Dokta, wala sijawahi kumpakia," alisema Stefania, bila kupandisha sauti. "Na jana gari lilikuwa kwako."

Watu walitazama ng'ambo ya barabara tu, wote kwa pamoja, na Hafsa pale alikuwa anatumbukiza kipande kwenye mafuta. Hussen naye akatazama. Uso wake ulikuwa bado unatabasamu, unangoja kusifiwa, na ulichukua muda kupata habari. Alijaribu kusema labda waosha magari, labda mtu aliingia usiku. Akaona aibu, aibu ya kweli, iliyomfanya ashindwe hata kusimama kutoka magotini.

Mzee Shamte aliinuka, akakung'uta kanzu.

"Na malori yangu," aliuliza, "ungeyajaribia wapi?"

Hakungoja jibu. Malori yanapita mpaka leo kwenda Lindi mjini, yanapiga honi pale njia panda kwa ajili ya mbuzi. Kiungio kilikatwa mchana ule ule, waya ukaungwa upya, na gari la Stefania halijazima tena. Nao watu, maana watu wana akili zao, wamekubali kwamba katika kufuata waya uliooza hakuna wa kumfikia Hussen kuanzia hapa mpaka Lindi. Magari wanamletea. Wiki iliyopita mtu wa Milola alimletea pikapu ya dizeli isiyotaka kuwaka. Hussen akanyoosha mkono apewe ufunguo. Yule bwana akautazama mkono, akaingia akakaa kwenye kiti cha abiria, akamwambia aanze tu kazi taratibu, yeye hana haraka ya kwenda popote.