Benchi Moja na Baba Mkwe

Kwanza niseme, Tusekile si mtu wa kuzurura kwenye mabanda ya video. Huyo ni mwanamke wa udongo. Kwao ni Ikombe, ufukweni mwa ziwa, watu wa kuvua na kufinyanga, na alipoolewa hapa Ipyana na Andrew, mtoto wa Mzee Lutengano, alikuja na mikono yake. Udongo mama yake anamtumia kwa mtumbwi hadi Matema, unapakiwa kwenye pikipiki, naye anakaa nyuma ya jiko anafinyanga. Ukiweka maji asubuhi kwenye mtungi wake, mchana unakunywa ya baridi. Mimi jirani yake ninayo miwili.

Jambo la pili mlijue ni huyo baba mkwe. Siku hizi wakwe wengine wanakula meza moja na kupiga picha wamekumbatiana, shauri yao. Kwa Mzee Lutengano mkamwana hamtazami baba mkwe, hatamki jina lake, hakai naye chumba kimoja. Mzee akirudi anakohoa pale kwenye mgomba wa kwanza, kikohozi kizito cha kukwaruza, na Tusekile anapotea nyuma ya jiko. Chakula anakiweka mlangoni, anaondoka, ndipo mzee anatoka kukichukua. Miaka yote ya ndoa yake anakijua kikohozi na mlio wa kandambili. Uso ameuona kwa kuibia tu. Na wanapendana, msinielewe vibaya. Kupendana kwenyewe ndiko huko.

Basi. Ezra, mwenye banda la video, aliagiza mtungi wa maji ya kunywa wateja wake. Siku ya gulio Tusekile akaupeleka. Kuutua tu, mvua ya Kyela ikashuka, na ya kwetu haina salamu. Ezra akamwambia, "Dada, ingia ndani, utalowa. Leo nakuachia bure." Akaingia. Giza totoro, bati linapigwa na mvua, watu wamejaa. Akapapasa benchi la nyuma, akapata nafasi pembeni ya mzee mmoja aliyevuta kofia mpaka kwenye pua.

Alikusudia kungoja mvua ikatike, basi. Lakini ile picha jamani! Trafiki mwembamba na mwizi mnene wameiba gari la zimamoto, wanakimbizwa na majambazi milimani, na wenyewe hawapatani hata kidogo. Mmoja akimwokoa mwenzie, anamtukana kwanza. Mtafsiri naye kawatia maneno ya kihuni. Tusekile, ambaye siku zote alisema picha za kupigana ni upuuzi wa wanaume wasio na shamba, alicheka mpaka machozi. Mzee wa pembeni naye anacheka, anajipiga goti. Akamsogezea karanga.

"Chukua, mama. Huyu mnene atatuua leo."

"Ndaga," Tusekile akashukuru, akachukua. Kwa kelele zile za bati, sauti zote zilikuwa moja.

Halafu mzee akapaliwa na karanga, akakohoa.

We! Kikohozi kile kile cha mgombani. Mzee wa kanisa, aliyesimama Jumapili mbele ya watu akasema banda la video ni mlango wa kuzimu! Hapo Tusekile alitakiwa kujifunika khanga, ainuke, atoke na mvua yake. Hakuinuka. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, akajiambia, ngoja ugomvi huu uishe. Ugomvi ukaisha, ukaja mwingine mtamu zaidi. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo: alijua, akakaa, akaendelea kucheka.

Mara daraja likakatika. Mnene akaning'inia, mwembamba kamshika suruali kwa mkono mmoja, chini mto unachemka. Banda zima likapiga yowe. Tusekile akajisahau kabisa, akaruka kwa mwenzie wa benchi, akamng'ang'ania mkono.

"Usiogope," mzee akasema, macho kwenye picha, "stelingi hafi."

Umeme ukakatika. Ezra akafungua mlango mkubwa kupata mwanga.

Wakatazamana. Mtu na baba mkwe wake, uso kwa uso, mkono juu ya mkono. Mzee alivua kofia akajifunika uso. Tusekile alikimbilia mvuani, kiatu kimoja akakiacha humo.

Jioni alipika wali na usipa, vidagaa vya ziwani, akaweka mlangoni. Sahani ikarudi haijaguswa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Mzee anasema hana njaa, anatafuna ndizi mbivu chumbani. Tusekile akaona amekwisha: mzee amemkataa, chakula chake kimekuwa najisi. Mama mkwe, Damari, hakujua lolote, akaona kosa ni la mpishi. Alisema kwa sauti, hata mimi nikasikia.

"Mume wangu hatakufa na njaa nyumbani kwake. Ikifika Jumapili hajala, nampigia Andrew huko Tunduma, wewe urudi kwenu ziwani ukafundishwe kupika."

Sasa angejitetea vipi? Aseme nilikaa na mumeo gizani, nikala karanga zake, nikamshika mkono? Mzee angevuliwa uzee wa kanisa, na ukoo ungeitisha kikao. Alikuja kwangu, akanieleza yote uso ukiwa ndani ya khanga. Alilia, na katikati ya kilio akasema, "Na sijui hata kama yule mnene alianguka."

"Tusekile, una wazimu wewe!"

"Najua, dada. Naona aibu hata kwako."

Jumamosi, mchana kweupe, Mzee Lutengano alivaa koti lake la kanisani, akapita katikati ya uwanja wa gulio, akaingia bandani kwa Ezra kwa mlango wa mbele. Watu walibaki midomo wazi. Mwenzake wa kanisani, Yakobo, akamwita, "Mzee, umepotea njia?" Mzee keshaingia.

Aliporudi alikohoa pale mgombani. Tusekile akapotea. Mimi nilikuwa upande wangu nageuza kakao kwenye mkeka, nikaona kila kitu. Mzee hakuingia ndani. Alikwenda kwa mbuzi aliyefungwa karibu na jiko, akaligeuzia jiko mgongo, akaanza kumsemesha yule mbuzi kwa sauti ya mimbarini.

"Wewe mbuzi, nisikilize. Yule mnene hakuanguka. Suruali ilichanika, akabaki na chupi mbele ya watu, aibu tupu. Lakini mwembamba alimdaka mkono. Hakumwachia." Akajikuna shingo. "Na mimi sikukataa chakula kwa hasira, mbuzi. Kilikuwa hakipiti kooni kwa aibu. Mimi ndiye niliyetangulia kukaa kwenye lile benchi, mzee mzima. Hapa nyumbani haondoki mtu."

Nyuma ya jiko nikasikia mtu analia au anacheka, khanga mdomoni, sikuweza kujua. Mkono ukatokea kwenye kona ya ukuta na sahani ya wali, ukaiweka chini, ukarudi. Mzee akaifuata kinyumenyume, akaiokota bila kugeuza uso, akala amesimama pale pale na mbuzi wake, mpaka punje ya mwisho.

Dirisha likafunguka. Damari! Kumbe alikuwa ndani muda wote.

"Baba Andrew," akauliza, "na huyo mnene alifikaje kwao bila suruali?"

Mzee akavuta kofia mpaka kwenye pua. Mimi nikainamia kakao yangu.