Runinga Imenichongea kwa Mke Wangu

Kwa masikitiko makubwa, nawatangazia ndugu na jamaa kwamba urafiki wangu na runinga mpya umekwisha leo alasiri.

Nipeni pole, lakini someni mpaka mwisho.

Niliipata kwa bei nafuu kwa sababu inaleta matangazo. Siku ya kuiwasha iliniuliza maswali chungu nzima: inisikilize? Ikumbuke ninayotafuta? Mpira ulikuwa unaanza. Nikabonyeza "Nakubali" mpaka kidole kikachoka.

Leo mama mkwe katutembelea hapa Mji wa Kale na sahani ya halua. Niko kwenye kipande cha tatu, runinga ikaleta tangazo la kipimo cha sukari. Halikuisha vizuri, likaja la viatu vya wagonjwa wa sukari.

Mama mkwe akauliza, "Wanangu, chombo hiki kinamsema nani humu ndani?"

Nikasema labda jirani. (Mtu akibanwa husema lolote.)

Mke wangu hakucheka. Alinitoa halua mkononi taratibu. "Baba Swaleh, umeiuliza nini?"

Basi ukweli wenyewe ni huu. Wiki tatu zilizopita daktari aliniambia nina ugonjwa wa sukari. Niliogopa. Nikarudi nyumbani, nikashika rimoti, nikainong'oneza runinga: "Mtu wa sukari anaweza kula halua?"

Mke wangu alikuwa jikoni, hatua sita tu kutoka nilipoketi, ananipikia.

Yeye sikumwambia.