Mtu Anayemfahamu Mama

Mwaka nilioitwa kusomea kazi ya maabara ng'ambo, niligundua kwamba sikuwa nimezaliwa. Nilikuwa na ndevu na cheti cha kidato cha sita, lakini cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, na chuo kilitaka ushahidi wa maandishi kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi yangu angepewa mwingine. Kwetu bondeni nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Tulizaliwa, tukalia, majirani wakasikia, basi.

Dawa yake ilikuwa kiapo. Mzazi anaapa mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha nyaraka, yule wanayemwita notari, kwamba huyu ni mwanawe. Ifakara ya miaka ile ya tisini ilikuwa na hospitali, stesheni, mpunga na mbu wa kutosha, ila notari sikumpata. Nikampandisha mama basi la Morogoro. Tulisukumana na tope hadi Kidatu, mama kapakata kikapu cha mchele wa kumpelekea wakili, maana kwake mtu haendewi mikono mitupu.

Wakili alikuwa na ofisi ghorofani, tai shingoni, na feni isiyozunguka. Alimwamkia mama shikamoo bila kuinua macho, akaanza kupiga taipu. Alipouliza tarehe ya kuzaliwa, nikamjibu haraka kuwa ni Julai mosi.

"Nani kakwambia?" mama akauliza.

"Mwalimu wa darasa la kwanza."

Ni kweli. Mwalimu yule alilizalisha darasa zima siku moja ili kujaza daftari lake.

"Basi iandikwe hivyo, kwamba mwalimu ndiye aliyesema. Mimi ninachojua ni kwamba mpunga ulikuwa unachanua."

Wakili akashusha pumzi, akaandika hivyo hivyo.

Ikabaki sahihi. Sheria inataka wakili awe anamfahamu anayeapa. Kama hamfahamu, atambulishwe na mtu ambaye wakili anamfahamu. Ni sheria nzuri, na wakili wetu alikuwa ameipatia mwarobaini. Alitoa kichwa dirishani, akaita, na akapanda fundi viatu wa chini ya ngazi, sindano ingali mkononi. Huyu ndiye aliyeufahamu mkoa mzima. Wajane, wachungaji, vibarua wa mashamba ya miwa, Wasukuma waliofika juzi na ng'ombe wao, wote aliwafahamu kutwa nzima bila kuwauliza hata majina. Akachukua kalamu.

"Huyu baba hanijui," mama akasema.

"Ni utaratibu tu, mama," wakili akamjibu.

"Utaratibu wa kusema uongo?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamnong'oneza kwa lugha ya nyumbani kwamba anyamaze, nafasi yangu itapotea. Akanijibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Unataka niape kwamba nimekuzaa, kwenye karatasi inayoanza na uongo?"

Wakili akatazama saa. Fundi alisimama na kalamu yake, hajui aandike au ashuke. Mama akamgeukia.

"Una kazi nyingi huko chini?"

"Viatu viwili tu, mama."

"Twende basi, unijue."

Wakashuka. Wakili akaenda kula. Mimi nikakaa kwenye ngazi nikichemka, maana kulikuwa na ofisi tatu za Dar es Salaam zinazonisubiri na mihuri yao, na mwezi ulikuwa unayoyoma. Chini yangu mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wateja, kandambili zake zikishonwa. Alianza kwa kumuuliza fundi kwao. Kwao Singida, mama yake alifariki kabla yeye hajajua kutembea. Ndipo mama naye akamsimulia habari zake mwenyewe: dungu la kulindia ndege shambani, maji ya mafuriko yaliyopanda hadi ngazi ya tatu, shangazi yangu aliyekuja na mtumbwi kumzalisha akakuta mimi nimeshatoka, nalia. Mambo hayo sikuwa nimewahi kuyasikia. Sikuwa nimewahi kuyauliza.

Wakili aliporudi, fundi akapanda, akatia sahihi. Mama akabonyeza dole gumba. Mchele ulibaki chini ya ngazi, kwa fundi.

Karatasi ikaanza safari yake. Msajili wa mahakama alithibitisha kwamba sahihi ya wakili ni ya wakili. Wizara ikathibitisha kwamba sahihi ya msajili ni ya msajili. Ubalozi ukathibitisha kwamba muhuri wa wizara ni wa wizara. Wote walikuwa watu wa heshima, wenye wino mzuri, na hakuna aliyeisoma karatasi yenyewe, ambayo ilisema wazi kwamba tarehe yangu ya kuzaliwa ilitungwa na mwalimu. Nikaondoka.

Mama aliendelea kupeleka mchele Morogoro kila alipopata safari, na mimi niliendelea kumwahidi kwenye barua kwamba nitakuja likizo. Alifariki katika mwaka wangu wa pili huko. Barua ya kaka yangu ilinifikia ameshazikwa. Kaka alinitajia waliokuja, na mwishoni akaniuliza kama namjua mtu mmoja wa Morogoro, mwenye vidole vilivyoganda gundi. Makonda wa basi ndio waliompa habari. Alilala njiani kwa sababu ya tope, akafika kaburi likiwa linafukiwa. Wazee walimuuliza yeye ni nani kwa marehemu.

"Namfahamu," akasema.

Wakampa koleo. Siku hiyo mimi, mwenye mihuri minne ya kuthibitisha kwamba ni mwanawe, nilikuwa naosha chupa za maabara.